Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi

Wahenga walisema ahadi ni deni. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka zaidi ya thelathini. Watoto waliikamilisha, wakaieleza, wakaitungia insha, nami nikawapa alama zao. Hata hivyo nakiri kwamba sikuwahi kujiuliza swali ambalo mtoto yeyote mwerevu angeweza kuniuliza: ikiwa ahadi ni deni, je, deni hilo ni la nani? Ni la mtu aliyeitamka peke yake, ama ni la kila aliyepata faida kwa sababu ilitamkwa? Na je, deni hilo hufa lini?

Swali hili limenifikia uzeeni, tena kwa njia nisiyoitazamia, yaani kwa kununua kibodi ya kompyuta. Namwomba msomaji asicheke. Mambo ya maadili mara nyingi hutujia hivyo, kupitia mlango wa duka, nasi tunakuja kuyakuta vitabuni baadaye.

Nilianza kupiga taipu mwaka 1974, nikiwa mwanachuo katika Chuo cha Ualimu Marangu. Karani wa ofisi aliniruhusu kukaa kwenye taipureta yake jioni baada ya kazi, kwa sharti kwamba karatasi nije nayo mwenyewe. Mwaka huohuo Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, hivyo sisi vijana wa wakati ule tulizisikia kompyuta kama mtu wa bara anavyosikia habari za nyangumi. Mkono wangu basi ni mkono wa taipureta. Hupiga kwa nguvu, husubiri mlio, na hautulii mpaka kidole kimehisi kwamba herufi imekwenda.

Nilistaafu mwaka 2012 nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Miaka kadhaa baadaye wajukuu waliniletea kompyuta ya kupakata ili niandike kumbukumbu zangu, nami nikashindwa. Vitufe vyake vilikuwa bapa, havina kina, na baridi ya Sanya Juu ya mwezi wa Julai ikichanganyika na yabisi ya vidole ilinifanya niandike maneno ambayo hayamo katika lugha yoyote. Mjukuu wangu mmoja anayesoma Dar es Salaam akaniambia, "Babu, ziko kibodi za watu kama wewe."

Akanieleza, nami nikaelewa upesi kwa kuwa mambo ya chemchemi na vyuma niliyajua tangu zamani. Kibodi nyingi za bei nafuu huwa na utando mmoja wa mpira chini ya vitufe vyote, na utando huo ukichoka, vitufe huchoka pamoja. Lakini ziko kibodi ambazo kila kitufe kina swichi yake na chemchemi yake. Kampuni ya IBM ilitoa kibodi maarufu ya chemchemi mwaka 1985, na baadhi ya hizo zinafanya kazi hadi leo, kompyuta zilizokuja nazo zikiwa zimekwisha tupwa zamani. Watengenezaji wa swichi za leo huhesabu uhai wa kila kitufe kwa makumi ya mamilioni ya mapigo. Hata herufi zenyewe zimepangwa kwa mpangilio uliotokana na taipureta ya Sholes na Glidden, ambayo kampuni ya Remington ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1874. Nikajiambia kwamba hii ni taipureta yangu imerudi kwa jina jingine.

Bei ilikuwa shilingi 340,000. Kibodi ya kawaida katika duka lilelile iliuzwa shilingi 15,000. Kwa mtu anayeishi kwa pensheni ya mwalimu, tofauti hiyo si jambo la kupita bila kulitazama. Nilikaa nalo mwezi mzima. Mwisho nikajijibu kwa methali nyingine niliyoifundisha, kwamba rahisi ni ghali, nikapanda gari mpaka Boma Ng'ombe na kutoka pale mpaka Moshi mjini.

Duka lenyewe nalihifadhi jina lake, kwa kuwa nia yangu si kumwaibisha mtu. Kijana wa dukani aliniamkia kwa adabu, "Shikamoo mzee," akanivutia kiti, akafungua boksi mbele yangu. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka yote: "Mzee, hii ni orijino. Ina waranti ya miaka miwili. Ikikusumbua hata kidogo, unaileta hapa hapa."

Kwetu sisi walimu wa zamani, waranti ilikuwa karatasi ya safari. Ukihamishwa au ukienda likizo, ulipewa waranti, nayo ilikupandisha basi au treni bila kutoa nauli. Kwa hiyo neno lile liliniingia vizuri. Nililipa, nikapewa risiti, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu.

Kwa wiki tano nilipiga chapa kama kijana. Wiki ya sita herufi A ikaanza kujirudia. Nikiipiga mara moja, zinatoka mbili. Msomaji anajua Kiswahili kilivyo: ukiondoa A, hubaki na lugha ya bubu, na ukiizidisha, maana inahama. Niliandika habari za marehemu kaka yangu, nikakuta nimeandika "kaaka yangu", kama mtu anayemweleza daktari wa meno. Mara ya kwanza nilicheka. Ukurasa wa tatu sikucheka tena.

Nikarudi mjini na boksi langu. Kijana ni yuleyule, na salamu ilikuwa ileile. Nilipomwonyesha kibodi, uso wake ukabadilika kidogo.

"Mzee, hii umeshaitumia."

"Nimeitumia, ndiyo. Niliinunua ili niitumie."

"Sasa si unaona? Bosi hawezi kuipokea. Soma hapo chini kwenye risiti."

Nikavaa miwani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nikamwuliza, "Na waranti ya miaka miwili?"

"Hiyo ni ya kampuni, mzee. Sio ya kwetu. Waandikie wenyewe, wako mtandaoni."

Nikamkumbusha kwamba alisema "unaileta hapa hapa". Hakubisha. Aliinamisha macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, na mimi nimeajiriwa tu."

Maneno hayo yalininyamazisha kuliko yale ya risiti. Niliondoka bila kugombana, kwani biashara haigombi, na kijana yule alikuwa na umri wa kuwa mjukuu wangu.

Mjukuu aliwaandikia watengenezaji. Walijibu baada ya siku mbili, kwa lugha nzuri iliyojaa shukrani, wakaomba picha ya risiti na namba iliyo nyuma ya kibodi. Tulipowapelekea, walisikitika kutuarifu kwamba dhamana yao inahusu nchi ambazo wana wakala, na kwamba muuzaji wetu hakuwa mmoja wao. Kumbe mzigo ulinunuliwa nchi nyingine, ukapita kwa mfanyabiashara wa jumla, ukaja Moshi, ukaja kwangu. Kila mkono ulioupitisha ulichukua faida yake. Ahadi nayo ilipita mikono ileile, ila yenyewe ilipungua kila ilipopita, mpaka iliponifikia mimi haikuwa na kitu ndani.

Hapa ndipo nilipoanza kufikiri. Sikuweza kumpata mkosaji. Kampuni ilisema kweli kuhusu masharti yake. Mwenye duka aliyaandika masharti yake kwenye risiti. Kijana aliyesema uongo alikuwa maskini aliyefundishwa kusema hivyo ili auze. Kila mmoja, ukimsimamisha peke yake, ana neno la kujitetea. Lakini mimi nimelipa shilingi 325,000 zaidi ya bei ya kibodi ya kawaida, na fedha ile nililipa kwa ajili ya kitu kimoja tu, yaani kuaminika. Je, nani aliniuzia kuaminika huko?

Tazama jinsi lugha yetu inavyolishika jambo hili. Kiswahili hutumia neno lilelile kwa mtu na kwa chombo: mtu wa kuaminika, gari la kuaminika. Kutoka shina hilo tuna imani, tuna uaminifu, na tuna amana, yaani kitu ulichomwachia mwingine akutunzie. Neno mteja nalo lina historia yake. Leo tunalijua zaidi kwa sauti ya yule dada wa kwenye simu anayetuambia kwamba mteja hapatikani. Lakini zamani neno hilo lilitumika pia kwa mgonjwa aliye chini ya uangalizi wa mganga. Mteja alikuwa mtu aliyejiweka mikononi mwa mwingine. Nilipokaa juu ya kile kiti cha dukani, nikatoa fedha kwa kitu nisichoweza kukikagua ndani, nilikuwa mteja wa namna hiyo hasa. Na nilipopata shida, aliyekuwa hapatikani hakuwa mteja.

Wenye hekima wa zamani walibishana juu ya jambo hili. Cicero, Mrumi aliyeandika kitabu juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia habari za mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Njiani ameona meli nyingine nyingi zinakuja na nafaka. Wenyeji hawajui, nao wako tayari kulipa bei yoyote. Je, awaambie? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alishika kwamba muuzaji atangaze kasoro zile tu ambazo sheria inamtaka azitangaze, mengine si wajibu wake. Mwanafunzi wake Antipater alipinga: binadamu ni jamii moja, na anachokijua muuzaji lazima mnunuzi naye akijue. Cicero aliegemea upande wa Antipater. Naona kwamba yule aliyeandika ile sentensi chini ya risiti yangu ni mfuasi wa Diogenes, ingawa huenda hajamsikia.

Hata sheria yetu haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, ambayo asili yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji anakihitaji kitu kwa kazi gani, naye akategemea ujuzi wa muuzaji, basi kwa kawaida kitu kile kitarajiwe kufaa kwa kazi hiyo, hata kama hawakuandikiana. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, ina sehemu za kumlinda mlaji. Lakini ni mzee gani wa Sanya Juu atakayefungua shauri kwa ajili ya herufi A? Nauli na siku zake zingekula thamani ya kibodi yenyewe. Sheria ni ukuta wa mwisho. Watu hawawezi kuishi wakiwa wameegemea ukuta wa mwisho kila siku.

Nikamkumbuka fundi mmoja wa miaka ya themanini. Shule yetu ilikuwa na taipureta moja, Olympia ya Kijerumani, tuliyoinunua ikiwa imekwisha tumika, kwa fedha za shamba la shule. Ndiyo iliyokata stensili za mitihani yote. Wakati ule utepe mpya ulikuwa kitu cha kutafutwa kwa barua na kwa jamaa, sembuse vipuri. Fundi huyu alikuwa na chumba chake Moshi mjini, amejaa grisi mpaka kwenye nyusi. Alitutengenezea mashine, akatudai fedha kidogo, akasema, "Ikisumbua niite." Hakuandika popote.

Ikasumbua, wiki moja kabla ya mtihani wa muhula, katika mvua za masika. Nilimtumia ujumbe kwa kondakta wa basi, bila matumaini makubwa. Siku ya pili mchana nilimwona anaingia uwanjani, suruali imekunjwa magotini, mfuko wa vyuma kichwani, kwa kuwa basi lilikwama na sehemu iliyobaki ameitembea. Alitengeneza mpaka jioni. Nilipotoa fedha alikataa. Akasema, "Hii nilikwisha lipwa, Mwalimu. Ni kazi ileile, sikuimaliza vizuri." Nikamlazimisha apokee walau nauli. Akaipokea nauli.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1785, anatoa mfano wa mwenye duka asiyemzidishia bei mtoto mdogo asiyejua kununua. Kant anauliza: je, anafanya hivyo kwa sababu ni haki, ama kwa sababu anajua kwamba sifa njema huleta wateja? Ikiwa ni kwa faida tu, tendo lake ni jema kwa nje, lakini halina thamani ya kimaadili. Nilimpima fundi wangu kwa kipimo hiki. Bila shaka alijua kwamba walimu huongea, na kwamba asingekuja, jina lake lingeharibika mpaka Ngarenairobi. Huenda alikuja kwa aibu, huenda kwa biashara, huenda kwa haki. Siwezi kuingia moyoni mwake. Ila nauli niliyompa haikufikia hata thamani ya siku aliyoipoteza, na sijawahi kuona mtu anatembea vile kwenye matope kwa ajili ya hesabu ya faida.

Hata hivyo nakubali kwamba ujirani ulimsaidia kuwa mwema. Tulijuana. Tungekutana msibani, kanisani, sokoni. Kwa watu wanaojuana, aibu hufanya nusu ya kazi ya dhamiri. Ugumu unaanza pale muuzaji na mnunuzi wasipoonana tena maisha yao yote. Pale ndipo uaminifu wa mtu hujulikana, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha.

Nisimwonee muuzaji. Wako wateja waongo pia. Yuko anayenunua suti ya harusi, akaivaa Jumamosi, akairudisha Jumatatu akidai haimtoshi. Yuko anayeangusha simu chooni na kusema ilizimika yenyewe. Mwenye duka mdogo akipokea kila kitu kinachorudi, atafunga kabla ya mwaka kwisha. Simdai basi asiyoyaweza. Namdai mambo mawili tu. Aniambie kabla sijatoa fedha mwisho wa ahadi yake uko wapi, kwa sauti ileile aliyoitumia kusifu bidhaa. Na nikirudi, hata kama hana la kunipa, asinifanye kama sikuwahi kuwepo. Kijana yule angeniambia, "Mzee, waranti sisi hatuna, ikiharibika ni bahati yako," huenda ningeinunua hivyohivyo, au ningenunua ya 15,000. Uamuzi ungekuwa wangu. Nilichonyang'anywa hasa ni uamuzi huo.

Kibodi ilitengenezwa hapahapa Sanya Juu, na kijana fundi wa simu. Aliifungua, akaitazama, akaniuliza ni kitufe gani sikitumii. Nikamwonyesha kimoja kilicho pembeni juu, ambacho sijawahi kujua kazi yake. Akayeyusha risasi, akaing'oa swichi ile, akaihamishia kwenye A. Ilimchukua saa moja. Alinidai shilingi 5,000, akasema, "Ikisumbua babu, mimi nipo." Mpaka ninapoandika haya haijasumbua.

Ningeweza kuishia hapo, nikawa nimeandika insha nzuri ya kuwasema wafanyabiashara. Usiku ule nilikaa kupiga chapa, nikitaka kuandika hasa jinsi nilivyoonewa. Nilipoandika ile sentensi, "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi", mkono ulisimama. Nilihisi kwamba maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Mwaka 1977 nchi yetu ilianza mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Sisi walimu vijana tulipita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nyumba moja nilimkuta mama aliyesita, kwa sababu mtoto alimsaidia kuchunga, na baba mtu hakuwepo tena duniani. Nikamwambia, "Mama, mlete mtoto. Miaka saba, atasoma na kuandika, atakusomea barua zako." Akamleta mwaka 1978. Kwa miaka saba mtoto yule alibeba kuni na maji ya shule, akalima shamba la shule, na mama akatoa michango yote tuliyomdai. Mimi nilifanywa mwalimu mkuu mwaka 1983. Mtoto alimaliza darasa la saba mwaka 1984.

Mapema mwaka uliofuata mama akaja ofisini, mtoto akiwa nyuma yake, amekwisha mpita kimo. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuuliza. Nimempa barua ya mjomba wake anisomee. Ameshindwa."

Nilijua kwamba ni kweli. Madarasa yalikuwa na watoto tisini, vitabu vilikuwa vitano au sita, na mtoto mtulivu wa nyuma aliweza kupita miaka yote saba bila mtu kugundua. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa kosa langu peke yangu. Wizara ilikuwa na sababu zake, nchi ilikuwa imetoka vitani na fedha hazikuwepo, na mimi nilikuwa nimeajiriwa tu. Nikamjibu, "Mama, mwanao amekwisha maliza. Jina lake limekwisha toka kwenye daftari la shule. Sasa hatuna la kufanya."

Akasema, "Haya, Mwalimu. Ahsante." Akamshika mwanawe mkono, wakaondoka.

Lilikuwepo la kufanya. Nilikuwa na jioni zangu. Nilikuwa na ubao na chaki. Miezi minne, saa moja kila jioni, ingetosha. Yule fundi wa taipureta alitembea kwenye matope kwa sababu ya mashine, nami sikuweza kutembea mpaka ng'ambo ya korongo kwa sababu ya mtoto niliyemwahidia mama yake kwa kinywa changu. Mama yule hakuwa na pa kunishtaki, wala hakuwa na nguvu ya kuniaibisha. Hakuna kilichonilazimisha. Nimesema hapo juu kwamba pale ndipo uaminifu wa mtu hujulikana. Wangu ulijulikana pale.

Baada ya usiku ule nilimtafuta. Sasa ni mtu wa miaka hamsini na zaidi, anaishi upande wa Ngarenairobi, ana familia na ng'ombe wachache. Alinipokea kwa heshima kubwa, akaniletea kiti na chai. Nilipomweleza kilichonileta, alicheka kwa mshangao. "Kusoma najua, Mwalimu. Mke wangu alinifundisha, kwa Biblia. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mzima." Nikamwuliza habari za mama. Alifariki miaka mingi iliyopita. Akaongeza, pengine akidhani ananifariji, "Mama alikuheshimu sana. Alisema wewe ndiye uliyekuja mpaka nyumbani."

Nilirudi Sanya Juu nikiwa kimya ndani ya gari. Nilikuwa nimepata jibu la maswali niliyoyaanza nayo. Deni la ahadi ni la aliyeitamka, na ni la kila aliyekula matunda yake; mikono mingi hailigawanyi, kila mmoja huwa nalo zima. Nalo halifi kwa sababu kitu kimekwisha uzwa au jina limekwisha toka kwenye daftari. Huweza kulipwa na mtu mwingine, kama mke wa bwana yule alivyolilipa bila kujua kwamba lilikuwa langu. Lakini mtu mwingine akilipa, mwenye kudai hupumzika, na mdaiwa hubaki mdaiwa.

Yule kijana wa dukani nimemsamehe, wala si kwa ukarimu. Ukiwa na risiti yako mwenyewe mfukoni, huwezi kusimama muda mrefu ukisoma ya mwenzio. Nimepanga, nikijaliwa kwenda tena mjini, nipite dukani nimsalimu, nimweleze kwa upole jinsi kitufe kilivyotengenezwa, maana huenda mzee mwingine akamjia na shida hiyohiyo, naye akawa na la kumwambia.

Nawe ndugu msomaji, huenda huna duka. Lakini yuko mtu uliyemwambia, "Ikisumbua niite." Huenda ni mwanafunzi wako, mgonjwa wako, jirani au mwanao. Siku atakapokuja na boksi lake mkononi, kabla hujamwonyesha yaliyoandikwa chini ya risiti, mpe kiti kwanza, umsikilize.